Gugu na Ukuta Wake: Jinsi ya Kutengeneza Picha ya Mseto kwa Mimea Inayojiotea Mjini

Kuna mchunga, lile gugu la maua ya njano, ulioota Buguruni, mtaa wa Dar es Salaam, kati ya ukuta wa ghala na ukingo wa mtaro, mahali ambapo hata mchanga wa kujaza kijiko haupo. Niliupita kwa miezi. Siku niliyoinama kuung'oa ndipo nikauona mzizi wake: ulikuwa bapa kama utepe, umeufuata ufa wa zege ulivyo, na upande mmoja ulishika punje za saruji ambazo hazikutoka hata nilipousugua kwa maji. Tangu siku hiyo sijatengeneza tena picha ya ua peke yake. Gugu la mjini huenda na ufa wake, vumbi lake, na kipande cha nailoni kilichonasa kwenye shina lake. Ukiviacha hivyo nje, ulichobandika kingeweza kuwa kimetoka shamba lolote.

Kwa hiyo mwongozo huu unafundisha kuchukua vitu viwili kwa pamoja, mmea na mahali ulipoota, na kuvileta kwenye uso mmoja. Hiyo ndiyo picha ya mseto: mmea mkavu, rangi, kitambaa, uzi, udongo na karatasi za kuokota vinakaa pamoja. Ninaishi Dar es Salaam, kwa hiyo majina, misimu na maduka ni ya hapa. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura atabadilisha inapobidi. Tutatengeneza picha moja ya sentimita 30 kwa 40. Ukianza Jumamosi hii utaitundika baada ya wiki tatu hivi, au tano ukiupitisha mmea kwenye friza kama Hatua ya 9 inavyoeleza, na sehemu kubwa ya muda huo utakuwa unasubiri mmea.

Vifaa

Uso wa picha utakuwa hadibodi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Oyster Bay mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia mbao za aina hii, zinazouzwa kwa ajili ya dari, na rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana dukani kwa bei anayoimudu. Sababu hiyo bado ina nguvu. Bodi nzima ya futi 4 kwa 8 ikikatwa vizuri inatoa vipande 24 vya kipimo chetu, hivyo nunueni watu wawili au watatu mgawane, na mwombeni fundi awakatie palepale.

Ongeza nusu mita ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, gundi nyeupe ya maseremala, kopo dogo la rangi nyeupe ya maji ya ukutani, msasa laini, brashi mbili, krayoni nyeusi au kipande cha mkaa, sindano nene na uzi wa fundi viatu. Kwa rangi utahitaji majani ya chai, siki, misumari yenye kutu, choya kavu (rozela) na shabu. Shabu, ile chumvi ya mawe inayoshikisha rangi kwenye kitambaa, huuzwa kwenye maduka ya dawa za asili, na vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba vinatosha. Kwa kukaushia, tafuta magazeti mengi ya zamani, maboksi, vipande viwili vya plaiwudi na matofali mawili.

Hatua ya 1: Chagua mita chache za mtaa

Usizunguke mji mzima. Chagua kipande kifupi unachoweza kukitembea polepole kwa dakika kumi: upande mmoja wa mtaro, ukuta wa kiwanja kisichojengwa, ukingo wa kituo cha daladala. Kipite asubuhi mara mbili au tatu kabla ya kung'oa chochote. Asubuhi, kwa sababu kongwe hufungua ua lake la bluu mapema, na jua likishakuwa kali ua hilo linanywea na kulowa kama karatasi iliyomwagiwa maji. Anayepita saa nane mchana atakwambia hapa pana majani tu.

Angalia mmea gani uko wapi. Ndago na ukoka hukaa panapokanyagwa. Mche wa mwarobaini utaukuta chini ya waya au tawi, ndege anapotua na kudondosha mbegu. Kishona nguo hujipanga kandokando ya njia ya miguu, kwa kuwa ni suruali na kanga za wapita njia zilizozibeba mbegu zake; nao wenyewe asili yake ni Amerika, umefika huku kwa kung'ang'ania vitu vya watu. Mvuti na kifaurongo nao wametoka bara hilohilo. Mwarobaini ni wa upande wa Bara Hindi. Ukitazama mtaro wa Dar vizuri unaona kwamba wakazi wake, kama wakazi wa mji wenyewe, wamehamia kutoka kila upande.

Msimu una uzito wake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mimea imejaa lakini ina maji mengi na hewa ni nzito, kukausha ni vita. Mimi hupenda Juni. Mvua imekatika, upepo wa kusi unavuma, mimea bado ipo na mingi imeshaanza kubeba mbegu.

Hatua ya 2: Ujue kabla ya kuushika

Uliza jina. Muulize mtu mzima anayekaa karibu na mmea huo, kwa sababu majina hubadilika mtaa hadi mtaa, na jina alilokupa mkazi ndilo utakaloandika nyuma ya picha.

Kuna mimea ya kuiacha au kuishika kwa glavu. Mnanaha, wenye maua marefu meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Mbegu za mnyonyo zinapendeza, zina madoadoa kama zimechorwa, na zinaweza kuua mtoto akizitafuna. Majani yake yanafaa kwa picha, mbegu zisiingie nyumbani. Utomvu mweupe wa mziwaziwa usifike machoni. Upupu ukiuona uning'inie ulipo. Na kama uko Arusha, gugu karoti liache kabisa: huwasha ngozi, na kila mbegu inayodondoka njiani ni kuusambaza mmea ambao wakulima na wafugaji wanahangaika nao.

Na hakuna kinachookotwa kando ya mtaro au barabara kuu kinachorudi jikoni, hata kama ni mboga unayoijua.

Hatua ya 3: Chukua mmea pamoja na mahali pake

Hapa usifanye haraka. Nenda na mfuko wa nailoni, chupa ya maji, bisibisi ya zamani ya kuchokolea nyufa, karatasi tano nyepesi, krayoni, kijikopo chenye kifuniko na daftari.

Anza kwa kuomba ruhusa. Ukuta una mwenyewe, na mtu anayechimbachimba chini ya ukuta wa watu kwa bisibisi anastahili kuulizwa. Usifanye kazi hii karibu na kambi za jeshi wala ndani ya bustani za umma zenye mimea iliyopandwa kwa kuhifadhiwa. Kwingine kote salamu inatosha. Siku ile ya Buguruni bibi mmoja alitoka na ndoo yake, nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huo mchunga wa hapo usiupike, maji ya mtaro hayo."

"Siupiki, bibi. Naukausha nikaubandike kwenye picha."

Akausogelea, akautazama. "Basi ng'oa na ule wa kule, una maua."

Wa kule ndio uliofaa kuliko wangu.

Sasa mmea. Mwagia maji kwenye ufa, subiri dakika tano, kisha chokoa taratibu pande zote mbili za shina. Lengo ni kupata mzizi. Mwaka 1503 Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichora kwa rangi za maji pande la udongo lenye nyasi na magugu ya kawaida kabisa, na mizizi kadhaa akaionyesha wazi bila udongo. Miaka karibu 500 baadaye, 2002, Mwingereza Michael Landy alitengeneza picha 12 za kuchapa za magugu ya mitaa ya London, mengine yakiwa na mizizi yake yote. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameharibu hadharani kila kitu alichomiliki, vitu 7,227, kuanzia gari hadi cheti cha kuzaliwa. Ninaelewa kwa nini aliyebaki bila kitu aligeukia mmea unaoishi kwenye ufa. Wote wawili walijua kwamba jani linaonyesha ni mmea gani, na mzizi unaonyesha umeishi vipi. Mzizi wa ufa ni bapa. Mzizi wa kwenye kokoto una vifundo. Ndago ukiing'oa polepole inatoka na mnyororo wa vitunguu vidogo vyeusi, na huo mnyororo ni nusu ya uzuri wake.

Usinawishe mzizi pale. Uweke na uchafu wake kwenye mfuko wa nailoni wenye matone ya maji, ufunge, uuweke kivulini. Utakaa hadi jioni bila kunyauka. Ng'oa mmoja kwa picha na mwingine wa akiba, na uache mingine yote.

Kisha chukua mahali. Weka karatasi juu ya ukuta pale pale mmea ulipotoka, ishike isiteleze, na sugua krayoni kwa ubavu wake, si kwa ncha. Uso wa tofali utajitokeza: matundu ya zege, alama za mwiko wa fundi, ufa wenyewe kama mstari mweupe. Fanya tatu au nne, kwa sababu moja itachanika na nyingine itakuwa nyeusi mno. Ukuta wa matumbawe kama ule wa majengo ya kale katikati ya mji unatoa umbo tofauti kabisa na tofali la saruji, lenye nyota ndogondogo za wanyama wa baharini walioujenga mwamba huo. Ukibahatika kuupata ukuta wa hivyo, sugua karatasi zote ulizonazo.

Jaza kijikopo vumbi la chini ya ukuta. Okota pia takataka moja au mbili kavu zilizokuwa zimeshikana na mmea: kipande cha tiketi ya daladala, kifuniko, uzi wa gunia. Visiwe vingi. Mwishoni andika kwenye daftari tarehe, saa, mtaa, ni upande gani wa ukuta jua linapiga, na nani alikupa jina.

Hatua ya 4: Kausha, na usiuamini unyevu wa Dar

Nyumbani, nawisha mzizi kwa brashi na maji kidogo. Punje za saruji zilizogandamana nao zibaki. Tandaza gazeti juu ya boksi, ulaze mmea jinsi unavyotaka uonekane, kwa sababu ukishakauka hautakubali kubadilishwa. Pindua jani moja au mawili mgongo uonekane. Yanayolaliana yaondoe. Shina nene lipasue katikati kwa wembe upande wa nyuma. Funika kwa gazeti jingine na boksi, weka kati ya plaiwudi mbili, na matofali juu.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku tano za kwanza. Kila siku, bila kuruka. Nilipoanza nilifuata maelekezo ya nchi za baridi kwamba ubadilishe baada ya siku mbili tatu. Ilikuwa Aprili, na nilipofungua nilikuta ukungu mweupe umetambaa juu ya majani yote nane. Gazeti lililotoka lianike juani, utalitumia tena kesho kutwa. Baada ya siku tano badilisha kila baada ya siku mbili. Mmea umekauka pale unapouinua na haujikunji, na ukiugusa kwa shavu husikii ubaridi. Kwa majani membamba ni siku nane au tisa, kwa mizizi minene hadi wiki mbili.

Kuna mimea yenye tabia zake. Kongwe hukataa kufa. Unaweza kuufungua baada ya wiki ukakuta umetoa jani jipya ndani ya gazeti. Uchovye sekunde chache kwenye maji yanayochemka kabla ya kuulaza, ua ukiwa nje ya maji, utakauka kama mingine. Maua ya mchunga huendelea kukomaa yakiwa yamebanwa, na ukichelewesha unapata pamba badala ya ua la njano, jambo ambalo wakati mwingine ndilo unalolitaka. Kifaurongo utakikausha kikiwa kimefumba, maana mikono yako ilipokigusa kilishafumba. Kiache hivyo. Picha ya kifaurongo kilichofumba inasema ukweli kuhusu mmea huo na kuhusu wewe uliyeugusa.

Rangi ya kijani itafifia kuwa ya kahawia au ya mzeituni. Wanaouliza dawa ya kuizuia nawajibu kwamba kijani ya mmea ni kitu kinachovunjika mmea ukifa, na kwamba kwenye hatua ya rangi tutairudisha kwa njia nyingine.

Hatua ya 5: Andaa ardhi ya picha

Mmea ukiwa matofalini, shughulikia bodi. Piga msasa upande laini, futa vumbi, paka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, ukiacha saa tatu katikati. Paka na mgongo mkono mmoja, vinginevyo bodi itapinda kama ganda.

Sasa vumbi la kijikopo. Lianike, lichekeche kwa chujio la chai, changanya vijiko viwili vya vumbi na kijiko kimoja cha gundi, ongeza maji kidogokidogo hadi iwe kama uji mwepesi. Hiyo ni rangi. Ipake kwa brashi au kwa kitambaa kuanzia chini ya bodi hadi pale unapotaka ardhi ifike. Vumbi la Buguruni ni la kijivu. La Kisarawe ni jekundu. Na ukipita milima ya Pugu kuna udongo mweupe uliokuwa ukichimbwa kwa ajili ya vyombo vya kauri, ambao ukichanganywa na gundi unatoa weupe mzito kama chokaa. Usichanganye udongo wa mahali pengine kwa sababu tu unapendeza. Mmea uliotoka kwenye saruji ya kijivu ukae juu ya kijivu chake.

Ile karatasi ya ukuta uliyosugua ichane kwa mkono, usiikate kwa mkasi, ili kingo ziwe laini. Paka gundi iliyozimuliwa, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, kwenye bodi kwanza, laza karatasi, kisha ipitie juu kwa brashi yenye gundi kuanzia katikati kwenda nje ukisukuma hewa. Krayoni ina nta, haitatoka. Ukitumia mkaa, utachafuka. Pulizia au pakia gundi nyepesi sana kwanza uache ikauke.

Hatua ya 6: Rangi tatu za jikoni

Wino wa kijivu hadi mweusi: tia misumari yenye kutu kwenye gilasi ya siki, uifunike bila kukaza kwa sababu hutoa gesi, uiache wiki moja mahali pasipofikiwa na watoto. Chemsha majani ya chai mengi kwa maji machache hadi iwe kali isiyonyweka. Pakaa chai mahali unapotaka kivuli, iache ikauke, kisha pitisha brashi yenye siki ya misumari juu yake. Ndani ya dakika chache kahawia inageuka kijivu, na ukirudia inakuwa nyeusi, kwa kuwa chuma kimekutana na ukali wa chai. Mimi huutumia kuchora ule ufa tu. Kwenye karatasi tupu na kitambaa usiuweke mwingi. Wino wa namna hii hula karatasi kadiri miaka inavyopita.

Choya: chemsha konzi moja kwa kikombe cha maji. Inatoa wekundu wa zambarau. Tone la magadi yaliyoyeyushwa linaigeuza kuwa ya bluu ya kijivu, na tone la ndimu linairudisha kwenye waridi. Ni nzuri kwa anga ya asubuhi nyuma ya ukuta, lakini haistahimili jua, kwa hiyo iweke kidogo.

Na ya tatu ndiyo kijani tuliyoahidiana. Fua marekani kwa sabuni na maji ya moto kuondoa wanga wa kiwandani. Yeyusha kijiko kikubwa cha shabu iliyosagwa kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, loweka kitambaa usiku kucha, kamua, kianike. Kisha rudi mtaani uchume majani mabichi machache ya mmea uleule, au ya mchicha pori na kongwe yaliyo karibu yake. Laza jani juu ya kitambaa, funika kwa nailoni, na gonga kwa nyundo, taratibu kwanza kando kando halafu katikati, juu ya ubao usiobonyea. Maji ya jani yanaingia kwenye nyuzi, na ukiinua unaona mishipa yote imebaki kwenye marekani. Jani lenye maji mengi linatawanyika. Libane kwanza dakika kumi kwenye gazeti. Watoto wa darasa la tatu wanaiweza kazi hii kuliko watu wazima, wapeni mchi mdogo badala ya nyundo.

Kijani hii nayo itafifia miezi ikipita, polepole zaidi ikikaa mbali na jua. Lakini jani kavu la kahawia likiwekwa sambamba na kivuli chake cha kijani kwenye kitambaa, mtazamaji anaona mmea katika hali zake mbili kwa wakati mmoja, nami sijapata njia nyingine inayofanya hivyo.

Hatua ya 7: Panga bila gundi

Panga kila kitu juu ya bodi bila kubandika, piga picha kwa simu, panga tena. Fanya hivyo mara nne au tano. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kuuweka mmea katikati, umesimama wima, kama picha ya pasipoti. Mtaani haukuwa katikati. Ulikuwa chini pembeni, na ukuta ulikuwa mkubwa kuliko wote. Uache ukuta utawale. Theluthi mbili za bodi zikiwa zege tupu na vumbi, na mchunga mmoja ukitokea kona ya chini, jicho la mtu litakwenda moja kwa moja kwenye ule mchunga.

Mzizi uulaze juu ya mstari wa ufa uliosuguliwa. Ukikaa sawasawa, utajua.

Hatua ya 8: Bandika na ushone

Bandika kitambaa kwanza. Kwa mmea, mimina gundi iliyozimuliwa kwenye sahani bapa, shika mmea kwa kibano cha nyusi, paka gundi mgongoni kwa brashi ndogo, jani kwa jani, uulaze, uguse kwa kitambaa kikavu. Funika kwa nailoni, weka kitabu kizito juu, saa sita. Nailoni haishiki gundi hii, karatasi inashika.

Shina na mzizi vishonwe. Gundi pekee huachia siku za unyevu, na wanaotunza mimea mikavu kwenye hifadhi za vyuo na makumbusho nao hushona shina kwenye karatasi. Toboa bodi kwa msumari mwembamba pande mbili za shina, pitisha uzi wa viatu, funga fundo kwa nyuma. Mishono mitatu au minne inatosha. Usiifiche. Uzi wa fundi viatu wa mtaa ule ule ni sehemu ya picha, kama vile tiketi ya daladala.

Takataka uliyookota ibandike mwisho, na ukiona haileti kitu, iache. Picha zangu tatu kati ya tano hazina.

Hatua ya 9: Ilinde, uiandike

Wadudu ndio adui mkubwa. Kabla ya kubandika, kama una friza, funga mmea mkavu kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na uuweke humo wiki mbili; mayai yaliyojificha yatakufa. Ukiutoa, usiufungue hadi upate joto la chumba, la sivyo utalowa. Kazi ikishakamilika, paka vanishi ya maji isiyong'aa mikono miwili miembamba juu ya ardhi na karatasi, ukiukwepa mmea wenyewe kama una majani membamba. Mwambie fundi wa fremu aache nafasi ya nusu sentimita kati ya kioo na picha kwa vipande vya mbao kandokando. Mmea ukigusa kioo, unyevu unakusanyika hapo na ukungu unaanza. Itundike ukuta wa ndani usiopigwa na jua, na si ule unaopakana na bafu.

Magazeti ya kukaushia yana mbegu zilizodondoka. Yachome.

Nyuma ya bodi andika kwa penseli, maana kalamu ya wino hufifia: jina la mmea kama ulivyopewa, mtaa, mahali penyewe, tarehe, na umetumia nini kutengeneza rangi. Mwaka 1855 daktari Mwingereza, Richard Deakin, alichapisha orodha ya aina 420 za mimea aliyoikuta imejiotea kwenye magofu ya Colosseum, Rome. Miaka kama kumi na tano baadaye magofu yalisafishwa na mimea ikang'olewa, na leo anayetaka kujua nini kiliota humo anaanza na orodha ile. Aliandika nini na wapi. Nasi tuandike hivyo.

Chini ya maandishi hayo acha mistari miwili mitupu, na weka alama kwenye simu ikukumbushe kurudi pale baada ya mwaka. Nyuma ya picha yangu mstari wa kwanza unasema: Mchunga. Ukuta wa ghala, upande wa mtaro, Buguruni, Juni. Mstari wa pili niliuongeza mwaka uliofuata: Ukuta umepigwa lipu mpya. Mchunga umetokea sentimita 20 kushoto.